Mizunguko Mia na Themanini

Fundi Leodgar alikuwa anaianza koili ya mota ya drili kwa mara ya nne, na shingo ilishamkakamaa. Drili yenyewe ilikuwa ya chuma kitupu, nzito kama jiwe la kusagia, mali ya Fazal mwenye duka la misumari, aliyoachiwa na marehemu baba yake. Kutu alishaiondoa, beringi alishabadilisha. Ilibaki kuisuka mota, mizunguko mia na themanini ya waya wa shaba kwa kila koili, kwa mkono. Ukikosea hesabu, inaungua.

Lakini kibanda chake kiko njiani, na mtaa wa Ipuli hakuna anayempita mwenzake kimya. Kila akifika tisini, "Shikamoo, fundi!" Aitikie, aulizwe za nyumbani, aulizwe za binti yake kule Nzega, na hesabu imeshapotea. Asipoitikia, ataambiwa ana maringo.

Akachoka. Akachana boksi, akaandika kwa mkaa: NAHESABU. USINISALIMIE. Akalitundika mlangoni.

Siku mbili hakuna aliyefungua mdomo. Alhamisi alasiri drili ikanguruma, ikatoboa ubao wa mninga kama papai bivu. Leodgar akakaa kizingitini, ana hamu ya kumwambia mtu, mtu yeyote.

Akatokea mzee Tobias, jirani yake kwa miaka thelathini.

"Shikamoo, mzee!"

Tobias akaweka kidole mdomoni, akamwonyesha lile boksi mlangoni, akapita kwa kunyata.