Waliomwosha Maiti wa Gatini

Likizo ya mwaka 1954 nilirudi Katesh na kitabu cha Kiingereza cha mauaji, nikawa namsomea shangazi Hajira kwa Kiswahili, dukani kwake, huku akikata vitambaa. Mji wa pwani, ukungu umetanda, maiti anaelea gatini.

"Muuaji simtaji," nikamtania, "mpaka niongezwe andazi."

"Muuaji mwache. Huyo maiti nani alimwosha?"

Nikacheka. "Shangazi, wenzako tunatafuta muuaji, wewe unatafuta sanda!"

Hakucheka. Ndipo nikamkumbuka Halfani, mwanawe, aliyezama bandarini Tanga mwaka uliopita. Barua ilitufikia akiwa ameshazikwa na watu tusiowajua.

Niliutazama ukurasa. Polisi walikuwa wanapima nyayo tu.

"Wazee watatu wa mtaani walimwosha," nikasoma, "kwa maji ya uvuguvugu. Wakamvika sanda, wakamsalia."

"Majina yao yameandikwa?"

"Yameandikwa. Mzee Tawakali, Mzee Seifu na Mzee Kombo."

Shangazi aliweka mkasi chini, akainua mikono, akawaombea dua mmoja mmoja kwa jina. Muuaji hakumuulizia tena. Andazi aliniongeza, likanishinda kula.