Nusu ya Chini ya Picha ya Keza

Geneviève hakuwa mtu wa kusubiri, hata kidogo. Kompyuta ya studio yake ya picha pale Kasenga aliiunda mwenyewe, kipande kwa kipande, na ikichelewa aliichapa kofi kama mbuzi aliyeingia jikoni. Wiki iliyopita alinunua bareti ya pili ya memori, kijiti cha kuongeza kumbukumbu ya mashine, akaichomeka ubavuni mwa ile ya zamani. Muuzaji alimwonya: hizi si za seti moja, kasi zake zinatofautiana, zijaribu kwanza. "Si zimeingia? Zitapatana tu!" akajibu. Siku hiyohiyo akahamishia picha zote kwenye diski mpya. Mashine iliganda mara tatu, naye mara tatu akaizima, akaiwasha, akaendelea. Kisha akaifuta diski ya zamani. Ndivyo alivyo.

Sasa Marie-Jeanne amesimama nyuma ya kiti chake, vumbi la barabara ya Luberizi bado miguuni. Juzi risasi zililia huko, watu wakatawanyika, na binti yake wa miaka sita, Keza, akapotelea katika umati uliokimbilia kusini. Boti ya kwenda Baraka, mji wa huko kusini, inaondoka saa kumi. Katekista Mathieu atapanda nayo, abandike picha ya mtoto kwenye makanisa ya huko. Nyumba imeungua na vyote vilivyokuwamo. Picha pekee iliyobaki, aliyopigwa hapa Pasaka, imo ndani ya mashine hii.

"Iko, yaya?" Marie-Jeanne aliuliza, kama anayemwuliza dada mkubwa.

"Iko, Mama Keza. Ngoja."

Picha ikafunguka. Nywele, paji la uso, macho mawili. Halafu kijivu kitupu mpaka chini.

Yesu wangu! "Ni hii bareti mpya inaleta fujo," Geneviève alisema, akazima mashine, akaing'oa, akawasha upya kwa ile ya zamani peke yake. Mashine ikajikokota. Saa tisa na nusu. Umeme ukafifia, ukarudi. Geneviève, ambaye hajawahi kumbembeleza mtu, aliibembeleza mashine: "Fungua, mama, tafadhali fungua."

Ikafunguka. Nywele, paji, macho, kijivu.

Ndipo akaelewa. Picha iliharibika siku ile ya kuhamishwa, na hakuna nyingine. Majuto ni mjukuu. Angeweza kusingizia umeme, au vita. Huyu mama angejuaje? Aligeuza kiti, akamtazama.

"Mama Keza, ni minye, mimi mwenyewe. Nilichanganya memori zisizopatana. Niliambiwa, nikakataa kusikia. Minye ndiye nimeharibu picha ya mtoto wako."

Afadhali angepigiwa kelele. Marie-Jeanne aliweka tu kidole juu ya kile kijivu.

"Hapa alikuwa anacheka," alisema. "Meno mawili ya mbele hana. Weye unajua kuandika. Andika."

Mama akitaja alama, Geneviève akaandika palepale kwenye kijivu, tayari kuchapisha, kwa herufi kubwa: Hana meno mawili ya mbele. Ana kovu la moto kidevuni. Ukimuuliza jina atanyamaza kwanza, ana haya.

Nje, pikipiki iliyombeba Mathieu ilipiga honi.

"Nini tena, Mama Keza? Upesi."

Marie-Jeanne aliinama karibu na skrini.

"Aliniona nikianguka kwenye risasi," alisema. "Andika: mama yako hakufa."