Dada Alivyoliweka Bomba Chini

Jamani, dada yangu ana nguvu. Sizungumzii nguvu za kufungua kopo lililogoma. Nazungumzia mtu anayeshinda dukani akihamisha mitungi ya gesi kama wewe unavyohamisha mito ya kochi, halafu jioni badala ya kulala anakwenda kunyanyua vyuma kwa raha zake. Mtaa mzima unamwita Winchi. Siku hizi hata mama akimwita jina la kuzaliwa, anachelewa kuitika.

Jimu yetu iko nyuma ya gereji. Usifikirie viyoyozi. Kuna kioo kilichong'olewa kwenye kabati la mtu, kuna godoro lililochoka kuliko sisi, na kuna bomba refu la chuma. Uzito ni magurudumu ya saruji. Unamwaga saruji kwenye beseni, unaacha tundu katikati, ikikauka unaandika kilo kwa rangi nyekundu, unachomeka gurudumu bombani. Umemaliza.

Mwenye jimu, tunamwita Kocha, alikuwa anahamia kwa binti yake, na funguo lazima zibaki kwa mtu. Sisi mambo makubwa tunayaamua Siku ya Kuvunja, yaani siku ya kuvunja rekodi. Watu wanajaa uani, wanapiga madebe, kelele zinapanda mpaka fundi wa gereji anafunga dirisha. Kocha alitangaza: atakayeinua mzigo mkubwa kuliko wote ndiye mwalimu mpya. Na sheria yetu haina huruma. Bomba likitoka chini likarudi kabla hujasimama wima, umeshindwa. Hakuna cha "ngoja nirudie". Halafu unazomewa mpaka getini.

Dada aliutaka ualimu ule mpaka anauota. Alikuwa na watu wake tayari: msusi ambaye kiuno kilimkataza kuinama, fundi cherehani mwenye magoti yanayolia kama bawaba, na shangazi yetu, ambaye hajawahi kubeba kitu kizito kuliko maneno ya watu. Wote walisema, "Winchi akipata funguo, tunakuja. Akipata Tingatinga, tunabaki nyumbani na maumivu yetu."

Tingatinga ndiye aliyekuwa mpinzani wake. Mchimba misingi, kifua kama mlango wa benki. Roho safi kabisa, ila ana dawa moja tu duniani: ongeza! Bega linauma? Ongeza! Umetoka homa juzi? Ongeza, jasho litaitoa!

Basi siku ikafika. Nikapanda juu ya tairi kuukuu, simu hewani, nikaanza kurekodi. Wengine walidondoka mapema, wakabaki hao wawili. Tingatinga akainua mzigo mzito, uso umemvimba, mishipa ya shingo imetoka kama kamba za kuanikia nguo. Akasimama wima. Madebe yakalia! Kocha akainua mkono, umekubalika.

Dada ili ashinde ilibidi aongeze juu ya hapo. Tatizo, gurudumu kubwa lililobaki lilikuwa moja tu, halina mwenzake. Tingatinga, kwa roho yake ile ile, akaleta gurudumu jipya, kubwa, rangi inang'aa.

"Nimelipika mwenyewe hili," akasema kwa fahari. "Liko sawasawa na lile la zamani. Haya, dada wa mitungi, jipime!"

Wakalichomeka upande wa kulia, la zamani kushoto. Dada akasogea. Mimi namjua, akiwa na wasiwasi anajikuna kisigino kwa kidole cha mguu mwingine. Hakujikuna. Akainama, mgongo umenyooka, akashika, akavuta pumzi.

Bomba likatoka chini.

Na hapo hapo likarudi chini. Taratibu, bila kishindo, kama mtu anayemlaza mtoto.

Madebe yakanyamaza. Dada akanyooka, akajifuta viganja kwenye suruali.

"Basi," akasema.

"Basi nini?" Tingatinga akauliza.

"Siliinui. Kulia kunavuta. Gurudumu lako bado bichi, lina maji."

Weee! Uani pakalipuka.

"Bichi? Kwani ni ndizi?"

"Livundike kwenye majani, Winchi!"

"Bora useme umeogopa, tukusamehe!"

Kocha akamwangalia dada kwa huzuni. "Mwanangu, unajua sheria. Limetoka, limerudi."

"Najua, Kocha."

"Funguo zinaondoka hivyo."

"Naziona zinavyoondoka," dada akajibu. "Lakini mgongo huu hauna spea. Kesho nina mitungi, na keshokutwa, na mwaka kesho. Siwezi kuutoa sadaka kwa sababu mnapiga madebe vizuri."

Niwaambie kitu. Nimewahi kumwona dada akiinua mizigo ya kutisha. Nina video zake, watu wanazitazama mpaka wanauliza kama nimezichezea. Lakini sijawahi kumwona na nguvu kama zile. Uani mzima unakuzomea, kitu unachokitaka kiko hapo mbele yako, mikono tayari iko kwenye chuma, halafu unaachia? Mimi ningevuta. Wallahi ningevuta, mgongo ukatike, nishinde nikiwa nimelala.

Kocha akampa Tingatinga funguo. Tungeenda nyumbani hapo. Lakini Tingatinga akishangiliwa, masikio yanaziba. Akazitia funguo mfukoni, akalisogelea lile lile bomba.

"Ngoja niwaonyeshe kama ni bichi!"

"Tingatinga, umeshashinda," dada akasema. "Liache."

"Ongeza!" watu wakaitikia kwa niaba yake.

 Dada alitembea tu, akasimama karibu naye, ubavuni. Ninyi mngefanyaje? Mtu amekupokonya ndoto yako, umemwonya, hasikii. Mimi ningekunja mikono nikasubiri vichekesho.

Tingatinga akavuta kwa pupa. Bomba likapanda, likafika magotini, kisha kulia kukazama. Mwili wake ukaanza kujisokota kama nguo inayokamuliwa. Na hakuachia! Alikuwa anang'ang'ania, kwa sababu ya madebe.

"Achia!" Dada alipiga kelele ambayo hata kwenye simu yangu sauti ilikwaruza. "Achia, kaka, achia!"

Huku amemdaka kiunoni, anamvuta nyuma. Vidole vikafunguka. Bomba likaanguka, gurudumu jipya likapasuka vipande viwili. Tukachungulia. Nje limekauka, rangi nzuri. Ndani rojo la kijivu, maji maji, kama uji uliomshinda mpishi. Alilimwaga juzi! Juzi, jamani, tena akaliweka kivulini lisipate vumbi.

Hakuna aliyetaja ndizi tena.

Tingatinga alilazwa kwenye lile godoro, mkono kiunoni, anahema. "Mgongo umestuka," akasema kwa sauti ndogo, sauti ambayo hatukujua kama anayo.

"Sogeza vidole vya miguu," dada akamwambia. Akavisogeza. "Vinakufa ganzi?"

"Hapana."

"Vizuri. Leo unakwenda hospitali ukaangaliwe. Usinibishie."

Akanyoosha mkono ainuliwe.

Daktari alimwambia ni msuli tu, apumzike, aanze pole pole. Kocha akahama. Desturi ni desturi, funguo zilibaki kwa Tingatinga. Alipofungua jimu tena, akitembea kama mtu aliyebeba trei ya mayai, hakuja mtu. Alikaa pale na bomba lake mpaka akachoka. Kisha akafunga, akaja dukani kwetu. Nilikuwepo, napoteza muda kwenye simu.

"Winchi," akasema, anaangalia mitungi badala ya dada.

"Gesi imeisha?"

"Usinitanie. Watu wanakuulizia wewe. Hata wale wapiga madebe."

"Si una funguo?"

"Funguo zinafungua mlango tu." Akaziweka juu ya kaunta. "Njoo ufundishe. Mimi nitafagia, nitapanga magurudumu."

"Nikija, mtu akiweka mzigo chini hazomewi."

"Hazomewi."

"Na wewe unaanza upya, kama mgeni."

"Mbele za watu?"

"Mbele za shangazi yangu."

Jioni hiyo jimu ilijaa. Msusi yuko, fundi cherehani yuko, shangazi amekaa mbele kabisa na kanga kiunoni, anangoja kuona. Dada akampa Tingatinga fimbo ya ufagio. Fimbo tupu! Lile jitu likaishika kwa mikono miwili, likaanza kuinama, ulimi umetoka pembeni kwa umakini.

"Nyonga kwanza zirudi nyuma," dada akasema. "Mgongo unyooke. Usikimbilie chini, hakuna zawadi huko."

Shangazi akanong'ona, "Kumbe hata mimi naweza hiyo."

"Simama basi, shangazi, uje ubavuni kwake," dada akamjibu, anamtafutia fimbo nyingine. "Na wewe Tingatinga, tena. Pole pole."