Maji ya Mzee Shee

…na asimfundishe yeye baridi, Nasima ana miaka kumi na moja ndani ya Minnesota, theluji ameipiga sepeto, ameteleza juu yake, ameililia, hana haja ya kusomewa, na huyu shemeji yake Hussni amesimama hapo mlangoni mwa gereji, mlango wote wazi, baridi ya Maplewood inaingia bila hodi, anasema na simu na kusema na yeye kwa mkupuo mmoja, “Shemeji, jamaa anayetaka trekta yuko Woodbury, ni ku-drive dakika ishirini tu, nimwambie aje ama asije?” nimwambie, nimwambie, tangu adhuhuri ni hilo moja, na yeye amechuchumaa mbele ya tairi la nyuma, magoti yanamuuma, mkono wa kulia umeshika mpira pale unapoingia kwenye valvu, wa kushoto ameulaza kwenye raba anasikiliza kwa kiganja, pampu inanguruma, na ile juisi ya bitruti, zile nyeupe za kutengenezea sukari, inapanda ndani pole pole, nzito, inanuka sukari guru gereji nzima, haigandi upesi kama maji, tena nzito kuliko maji, na uzito ndio anaoutaka, kwa sababu trekta dogo namna hii likisukuma theluji bila uzito nyuma magurudumu huzunguka pale pale na mwenye kazi yake anakutazama dirishani… “Ama umetia tena maji ya Mzee Shee?” anasema Hussni, na anacheka, mwenyewe tu, anacheka. Maji ya Mzee Shee! Limekuwa jina, watu wasiowahi kumwona baba yake wanalitaja, mtu akikosea hata pilau huambiwa ametia maji ya Mzee Shee, na Mzee Shee mwenyewe yuko Kilifi na kikohozi chake, hajui, kila Ijumaa anapiga simu, “Trekta vipi, mwanangu?” na yeye anajibu, “Linafanya kazi, Baba,” na trekta wakati huo limelala gerejini tairi moja chini, mwongo mkubwa we Nasima… hewa, sikiliza hewa, anafunga mpira kidogo, anabonyeza, hewa inatoka ikifoka, anafungua tena, hivi ndivyo, valvu iwe juu kabisa, ujaze hadi maji yafike kwenye valvu, usipite hapo, juu ubakishe hewa tairi lipate kupumua, nani alimfundisha haya, si fundi yeyote wa huku, ni yeye huyo wanayemcheka, fundi wa matrekta wa shamba la mkonge miaka thelathini, alikuwa akimshikisha mpira yeye, mtoto wa kike, wanaume wakiguna, naye akiwaambia, “Mwacheni, ana mkono msikivu,” na kule maji ya pipa yalitosha, nani Kilifi alishaona maji yakiganda nje ya friza. “Shemeji, si mwenyewe ulisema Jumapili, mbele ya Abdulhadi?” Nilisema, ndiyo, nilisema ‘tutaona’ mbele ya mume wangu, na wewe ukaenda kutafuta mnunuzi, ‘tutaona’ tangu lini ikawa ‘uza’, trekta nimelipata kwa miaka sita ya kuogesha wazee wa watu, mgongo wangu ndio unaojua… Januari ile, asubuhi, uwanja wa magari wa kliniki, maji aliyoyatia Septemba kwenye jua yamekuwa jiwe ndani ya tairi, trekta linadunda, du, du, du, valvu ikakatika, tairi likachomoka kwenye rimu, na trekta likakaa katikati ya njia, wauguzi wakaacha magari barabarani wakatembea kwenye theluji, na Philister, nesi aliyemtafutia kazi ile ya kuondoa theluji ya kliniki, akapita mbele yake na viatu vyake vya kazini vimelowa, na msimu huu amemsemea tena, “Nimewaambia nakujua, Nasima, usiniangushe,” theluji inakuja Jumamosi, trekta likienda Woodbury na huyo jamaa basi Philister atakuwa ameapa bure. “Mzee wa watu wala si makosa yake,” Hussni anamwambia mtu wa simu sasa, “kule kwetu hakuna winter, alimfundisha anavyojua yeye,” na Nasima anahisi juisi imefika kwenye kiganja, baridi imepanda hadi usawa wa bega la tairi, na kitu kingine kinapanda naye hakutaka kipande, kwa sababu siku ya Idi Hussni alipokisimulia kisa hiki watu wakajishika mbavu, naye alicheka, alicheka pamoja nao, akajaza chai… na Baba aliuliza. Aliuliza, Septemba ile ile, kwenye simu, “Huko baridi kali, mwanangu, maji hayatagandia mle ndani? Waulize wenyeji kwanza,” mtu asiyewahi kuona theluji aliuliza, na yeye anayeishi ndani yake akajibu, “Nishamaliza, Baba, usijali,” kwa sababu kuuliza wenyeji ni kusimama mbele ya mzungu wa dukani akutazame juu hadi chini, hijabu na ovaroli, hakutaka, alijiona anajua, basi, miezi kumi amemwachia mzee abebe lawama, na ukali wote huu aliomkalia nao Hussni leo ni wa nini, kumbe nusu yake anajikwepa mwenyewe. Aibu inamchoma masikio na hapohapo mgongo unanyooka, hata hajainuka. “Shemeji, jamaa yuko kwenye line, wasemaje?” Juisi haijafika, bado vidole vinne hivi, pampu inanguruma, hauachi mpira, hageuki, hilo jina la maji ataligeukia uso kwa uso wakijaa ndugu wote Jumapili, na kesho Ijumaa simu ikilia ataanza na Baba, lakini hili la sasa analo tayari mdomoni, na linatoka kavu, “Mwambie asije. Na wewe Hussni, Baba alinikanya nikakaidi, maji nilitia mimi, kosa ni langu na trekta ni langu.”