Foleni ya Bi Doreen

Tunu wa Tanga alikuwa ameshayazoea mengi ya Leeds, Uingereza, alikokuja kusoma. Alizoea kumkanyaga mtu mguu, halafu aliyekanyagwa ndiye aombe msamaha. Alizoea madereva wa basi kumwita mpenzi bila kumtaka. Hata vyombo kuanikwa na povu lake alivumilia, ingawa kikombe chake alikisuuza kwa siri. Lakini hili la Bi Doreen lilimshinda.

Bi Doreen wa nyumba ya pili alifariki Jumatatu, akamwacha mumewe, Mzee Clifford, peke yake. Tunu akatafuta kanga ya kujitanda, akamuuliza mwenye nyumba wake, Bi Pauline, wanazika saa ngapi.

"Tarehe ishirini na tatu, mpenzi."

"Si wiki tatu hizo?"

"Kuna foleni."

Tunu akavuta kiti akakaa. Watu hawa hupanga foleni ya basi, ya posta, ya chai. Kumbe hata kufa hakumtoi mtu kwenye foleni.

"Sasa nani yuko na mzee?"

"Hakuna. Nimemtumbukizia kadi mlangoni. Tunampa nafasi."

"Nafasi ya nini, Bi Pauline? Nyumba ina vyumba vitatu na mtu mmoja."

Bi Pauline akasema naona mvua itanyesha. Ndivyo wanavyoyafunga mazungumzo yakiwachoma.

Kesho yake Tunu akapika wali wa nazi, akaenda kubisha hodi. Mzee Clifford akafungua mlango kidogo, akapokea sufuria, akashukuru, akabaki amesimama palepale. Tunu akavua viatu, akapita ndani. Msibani mtu hangoji kukaribishwa.

Wakakaa sebuleni. Baada ya kitambo mzee akajipiga mapaja kwa viganja vyote viwili. "Haya basi," akasema.

Tunu akaona uchungu umempanda. Naye akajipiga yake. "Haya basi, mzee wangu. Kazi ya Mungu haina makosa."

Mzee akamtazama, akaenda kuchemsha chai. Wakanywa. Akajipiga tena, safari hii kwa nguvu. Tunu akamwitikia, akainuka akaosha vikombe, akavisuuza, akarudi kukaa. Mzee akajipiga mara ya tatu, wapi. Mara ya nne mikono ilimlegea mapajani, isiinuke tena.

"Doreen alikuwa anakoroma," akasema. "Miaka arobaini na moja. Sasa usingizi haunijii, kumekuwa kimya mno."

Akacheka, kisha akalia kama mtoto, na Tunu akalia naye. Halafu wakala wali.

Bi Pauline aliposikia, alishika kichwa. "Kujipiga mapaja ni kumwambia mgeni aondoke. Kakupigia mara ngapi?"

"Nne."

"Nne. Mwanamume yule sijamuudhi tangu nihamie hapa. Akija kulalamika, mpenzi, itabidi utafute chumba kwingine."

Tunu aliona aibu ya kutamani ardhi ipasuke. Chumba kingine karibu na chuo hakikuwepo, na mitihani ilikuwa mlangoni.

Asubuhi kengele ikalia. Alikuwa Mzee Clifford, amenyoa ndevu, sufuria mkononi. Bi Pauline hakumwacha hata afungue kinywa.

"Clifford, samahani sana. Ni mgeni, hakujua. Nimeshamweleza maana ya mapaja."

"Umemweleza?"

"Jana ileile."

Mzee akaitazama sufuria. "Ungemwacha tu, Pauline," akasema.

Bi Pauline hata mvua hakuikumbuka. Tunu akapenya ubavuni mwake, akaipokea sufuria.

"Kunieleza amenieleza, mzee. Ila kwetu mtu haondolewi msibani kwa mapaja. Tutaondoka tukianua tanga, msiba ukiisha, na tanga halianuliwi maiti hajazikwa."

Mzee akahesabu kwa vidole. "Mpaka tarehe ishirini na tatu."

"Na siku mbili tatu za juu."

"Basi foleni yenyewe si mbaya sana," akasema Mzee Clifford, akageuka kwenda kwake. Mlango wake aliuacha wazi.

Tunu akajitanda kanga. Bi Pauline alikuwa bado amesimama na soksi zake, hajui aingie ndani au atoke.

"Vaa viatu twende, Bi Pauline," Tunu akamwambia. "Mvua yenyewe haijanyesha."