Mdau Mkuu ni Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa kompyuta, na katika kazi yetu hakuna neno linalonichosha kama "wadau". Hospitali ilipotaka mfumo wa kutafutia mafaili ya wagonjwa, nikapewa orodha ya wadau hao. Mdau mkuu, msimamizi wa masjala, alikuwa mama mkwe wangu.

Utaratibu wetu ni rahisi. Hatujengi mfumo mzima ndipo tuje kuuzindua. Tunajenga kipande, kila baada ya wiki mbili tunawaonyesha wadau, wanatoa maoni, tunarekebisha. Mara tano nilimwonyesha mama. Mara tano aliangalia skrini, akasema, "Nzuri sana, baba." Nikaweka tiki, tukasonga mbele.

Kilichonivuruga ni kwamba hakuutumia. Kila Jumatatu niliangalia kumbukumbu za mfumo nikakuta masjala haijatafuta hata faili moja. Nikaenda kuchungulia: kompyuta imefunikwa kitambaa, mama anafunua lile daftari lake kubwa, na kufumba na kufumbua faili liko mkononi. Nikamtuma mke wangu amdodose mama yake. Akarudi na jibu lile lile, kwamba ni nzuri. Nikaanza kuzitilia shaka akili zangu. Bosi wangu hakuwa na shaka yoyote: masjala isipoukubali kufikia Ijumaa, mradi unafungwa, na mimi nikatafute kazi kwingine. Niliogopa kwelikweli.

Ijumaa nilikwenda na bosi pamoja na mwenzangu tunayemwita Kipara. Waya wa kompyuta niliyokuja nayo haukufika ukutani, nikatoka kutafuta mrefu zaidi. Niliporudi, mlango ulikuwa wazi kidogo na mama alikuwa anaongea. Sijawahi kumsikia akiongea vile.

"Hapa mnataka namba ya kadi. Mgonjwa anakuja anahema, kadi kaisahau nyumbani. Nikiandika jina lake, wananitokea kumi na wanne. Daftari langu nimelipanga kwa jina la mama wa mgonjwa. Hilo hata mwenye homa kali halisahau."

Kipara akamuuliza mbona wiki kumi zote hakusema.

"Nimwaibishe mume wa mwanangu mbele ya bosi wake?"

Nilibaki pale na waya wangu. Sikujua nicheke, nikasirike au nione haya. Vyote vilinijia kwa pamoja. Maswali yangu yote yalikuwa sahihi, kosa lilikuwa muulizaji. Na nikiingia tu, atanyamaza. Basi nikakaa kwenye benchi la wagonjwa, nikasikiliza makosa yangu yakitajwa moja baada ya jingine, huku nikimwandikia bosi ujumbe kwa simu: mradi ausimamie Kipara, mimi nibaki nyuma nikiandika programu. Akajibu, sawa. Hata hakubembeleza. Iliniuma.

Mama alipotoka alinikuta bado nimeshika waya. Akaniweka sawa kola ya shati.

"Kazi yako nzuri sana, baba."

Nikasema asante, mama. Kisha nikakumbuka kochi nililomnunulia mwaka juzi. Nalo alilisifu hivyo hivyo, na mpaka leo sijawahi kumwona amelikalia.