Kitambaa cha Janeffer

"Mama Janeffer, huyu mtoto ni wako ama ni wa hicho kitambaa?"

Marcella, jirani wa Sally, aliuliza hivyo siku moja, akicheka, kikombe cha chai mkononi. Sally naye alicheka. Lakini swali lilimganda moyoni kama utomvu wa majani chai kwenye vidole vya mchumaji: huoshi ukatoka.

Janeffer alipokwenda Saudia kutafuta kazi, alimwachia mama yake vitu viwili: mwanawe Nelvine, wa miaka mitatu, na kitambaa cha kijani alichokuwa akijifunga kichwani akichuma chai. Sally ndiye aliyepika uji, ndiye aliyeogesha, ndiye aliyemfundisha mtoto kumshukuru Mungu kabla ya kula. Ila usingizi ukija, Nelvine alimpa bibi yake mgongo, akazika pua kitambaani. "Mama," akanong'ona. Na Sally, mwanamke wa kufunga na kuomba, akalionea wivu tambara.

Jumamosi moja alikitumbukiza kitambaa kwenye beseni. Kesho ni kanisa, alijiambia, na kitu kichafu ni kichafu. Lakini nani hufua huku ameuma meno? Alikifikicha kwa sabuni ya kipande, akakisuuza mara tatu.

Kilipokauka, Nelvine alikipokea kwa mikono miwili. Akanusa pindo moja, akanusa la pili. Hakulia. Alikwenda akachungulia ndani ya beseni tupu, kisha akamuuliza bibi yake:

"Kogo, mama ameenda wapi?"

Miezi minane tangu Janeffer aondoke, hakuwa ameuliza.

Jumatatu Sally alijifunga kitambaa kile kichwani, akaingia shambani kuchuma chai. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi. Jua likamwakia, mvua ya alasiri ikamnyea, asijikinge.

"Wewe, homa itakushika!" Marcella akamwita kutoka mstari wa pili.

"Wacha inishike."

Alikuwa akiomba. Majani si ni yale yale, Bwana? Na huyo Janeffer, si jasho lake lilitoka kwangu?

Jioni alikifungua kichwani, kingali na unyevu. "Shika, kitambaa cha mama."

Nelvine alikinusa kwa muda mrefu, macho ameyafumba.

"Si cha mama," mtoto akasema kwa upole, kama anayemrudishia mtu kitu alichoangusha njiani. "Hiki ni chako, Kogo."

Akakikunja ovyo, akakiweka mapajani pa bibi yake, akakipigapiga mara moja kitulie, akatoka nje.